Ukomo wa riba haujaua mikopo

Ndugu, unasema ukomo wa riba kwenye mikopo ya kusubiria mshahara (midogo, ya muda mfupi, inayolipwa mshahara ukiingia) utawanyima wenye kipato kidogo mkopo kabisa. Tazama Uingereza: tangu Januari 2015 riba na ada za mikopo hii hazizidi asilimia 0.8 kwa siku, na mkopaji halipi jumla zaidi ya mara mbili ya alichokopa. Wakopeshaji kadhaa walifunga, kweli (kampuni ya Wonga, mmoja wao, ilianguka 2018), ila mikopo bado ipo. Kule Marekani ada ya dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili huonekana ndogo. Ipigie hesabu ya mwaka, ni asilimia 390! Na kinachomaliza watu si mkopo wa kwanza, ni ule wa pili uliochukuliwa kulipia wa kwanza. Mimi ningeanza kubana hapo.