Mwache Shahidi Aongee: Maswali Yenu Kuhusu Kuchukua Maelezo

Barua za safari hii zinahusu mashahidi walioona tukio kwa macho yao, na namna askari anavyoweza kujenga kuaminiana nao bila kuharibu kumbukumbu anayoitafuta. Barua tumezifupisha.

Nina mwaka wa pili katika upelelezi. Nilifundishwa nianze kwa kumzoea shahidi, kwa hiyo tunaongea habari za mpira na safari yake ya kuja, hata robo saa nzima, na tunacheka. Nikifungua daftari tu, anabaki na "ndiyo" na "hapana". Nakosea wapi?

Tunadhani tatizo linaanzia pale pale kwenye daftari. Kwa kawaida maswali ya kwanza ni jina kamili, umri, kazi, makazi na namba ya simu, yakifuatana haraka, na kila jibu ni neno moja au mawili. Ndani ya dakika moja shahidi ameshajifunza utaratibu: wewe unauliza, yeye anajibu kwa kifupi na kusubiri. Mkifika kwenye tukio lenyewe, ataendelea kusubiri. Kama taratibu za kituo chenu zinaruhusu, taarifa hizo zichukuliwe mwishoni, au mwenzako azichukue kabla hujakaa naye.

Jambo la pili ni kwamba porojo peke yake haijengi kuaminiana. Mwaka 1990 watafiti Linda Tickle-Degnen na Robert Rosenthal walieleza kuwa ukaribu kati ya watu wawili una sehemu tatu: usikivu wa kila mmoja kwa mwenzake, uchangamfu, na kwenda pamoja katika mazungumzo. Uchangamfu una uzito mkubwa mwanzoni mnapokutana. Baadaye kwenda pamoja ndiko kunakobeba mazungumzo, na usikivu unahitajika tangu mwanzo hadi mwisho. Mpira umekupa uchangamfu. Hizo mbili nyingine bado.

Anza na chumba. Zima simu, wazuie watu kuingia na kutoka, na uweke viti vyenu kwa pembe ili meza isikae katikati yenu kama ukuta. Taja jina lako na kazi yako, kisha muulize angependa umwite nani. Muulize kama anahitaji maji, choo, miwani au dawa, na kama kuna jambo linalomharakisha. Mzazi anayewaza mtoto aliyeachwa shuleni hatakumbuka rangi ya gari. Mweleze mahojiano yatachukua muda gani, kama yanarekodiwa, na maelezo yake yatakwenda kwa nani.

Kisha inakuja hatua ambayo wengi wanairuka, nayo ni kumwachia shahidi nafasi ya mzungumzaji mkuu. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyeona. Kazi yangu ni kusikiliza. Nieleze kila kinachokujia, hata kama unaona ni kidogo au hakijakamilika, kwa mpangilio wowote unaokuwia rahisi. Usilolijua sema hulijui, usikisie. Nikikosea jambo, nisahihishe." Usipunguze hata sentensi moja. Usiposema kwamba hukuwepo, mashahidi wengi huamini polisi wameshajua kilichotokea na wanataka kuthibitishiwa tu. Ukimwomba aeleze kila kitu bila kumkataza kukisia, atajaza mapengo kwa nia njema kabisa. Na usipompa ruhusa ya kukusahihisha, utamkosea jina la mtaa naye atanyamaza kwa sababu ya heshima.

Kabla ya tukio lenyewe, mpe zoezi la kusimulia kwa dakika mbili tatu. Mpira wako utafaa hapa, mradi ubadilishe swali. "Unashabikia timu gani?" linazaa neno moja. "Nisimulie lile goli la pili lilivyofungwa, tangu mpira ulipotoka kwa kipa" linamfundisha kiasi cha maelezo unachokihitaji.

Halafu mwombe aeleze alichokiona, na wewe unyamaze. Ronald Fisher na wenzake walipochambua rekodi za mahojiano ya polisi huko Florida, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, waliona shahidi alikuwa akikatizwa kwa wastani wa sekunde 7.5 baada ya kuanza kujibu swali la wazi, yaani linalomwachia aeleze kwa maneno yake. Mahojiano ya kawaida yalikuwa na maswali 3 tu ya wazi, na 26 ya kuhitaji jibu fupi. Anayekumbuka ana picha kichwani. Ukimkatiza anaiacha picha na kuigeukia sauti yako, na kuirudia tena ni kazi nzito. Baada ya kukatizwa mara kadhaa hajaribu tena, anafupisha. Akinyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kusema lolote, maana mara nyingi katika ukimya huo ndipo anapoitafuta kumbukumbu. Andika maneno machache ya kukukumbusha, na maswali yako yaje baadaye, ukifuata mpangilio wa simulizi yake na ukitumia maneno yake. Akisema "yule mrefu", wewe usije na "mtuhumiwa".

Unaweza pia kumkaribisha afumbe macho, au atazame sakafu, anapokumbuka. Utafiti wa Robert Nash na wenzake wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kufumba macho kunasaidia kukumbuka, na kwamba watu waliojengewa ukaribu kwanza hawakuona tabu kufanya hivyo. Kumtaka mtu afumbe macho mbele ya askari ambaye hajamzoea ni kumwongezea wasiwasi.

Mkuu wetu anasema kwenye tukio lenye mashahidi ishirini hakuna muda wa kubembelezana. Tumjibuje?

Mwambieni kwamba kinachookolewa dakika za mwanzo hupotea baadaye, watu wanapoitwa tena. Kuna kipimo cha kazini, si cha maabara peke yake. Mwaka 1989 Fisher, Edward Geiselman na Michael Amador walichapisha matokeo ya kuwafundisha wapelelezi wa wizi wa kutumia nguvu wa Miami mbinu ya mahojiano inayoanza na ukaribu na kumwachia shahidi uwanja. Baada ya mafunzo, wapelelezi wale walipata taarifa zaidi kwa asilimia 47 kuliko walizokuwa wakipata wao wenyewe kabla, na zaidi kwa asilimia 63 kuliko wenzao ambao hawakufundishwa.

Mkuu wenu ana hoja, hata hivyo: watu ishirini hawapati saa moja kila mmoja siku hiyo hiyo. Kazi ya kwanza ni kuwatenganisha na kuwaomba wasizungumzie tukio. Katika jaribio la Fiona Gabbert na wenzake la mwaka 2003, watu wawili wawili walioneshwa video tofauti kidogo za tukio moja, bila kujua kwamba zinatofautiana, kisha wakazungumza. Asilimia 71 walitaja angalau jambo moja walilolisikia kwa mwenzao tu. Wale ambao zamu yao haijafika wapewe karatasi na maelekezo yale yale (kila kitu, bila kukisia) waandike wenyewe. Gabbert, Lorraine Hope na Fisher walitengeneza kijitabu maalumu cha kazi hiyo, wakakichapisha mwaka 2009. Ukaribu hauhitaji robo saa. Jina lako, jina lake, unamwomba nini na kwa nini: dakika mbili zinatosha, ukimtazama yeye na si redio yako.

Kuna shahidi tuliyeelewana vizuri mno. Kila akisema jambo ananitazama na kuuliza, "Ndivyo, eti?" Nikikaa kimya naona kama namvunja moyo. Nimjibu nini?

Barua hii ndiyo iliyotushughulisha kuliko zote, kwa sababu inagusa hatari iliyomo ndani ya ukaribu wenyewe. Shahidi anayekupenda anataka kukufurahisha, na anachotafuta usoni mwako ni jibu ambalo hukupaswa kulitoa.

Msifu kwa juhudi, kamwe usimsifu kwa alichosema. "Naona unafikiri sana, chukua muda wako" haina madhara. "Vizuri sana!" mara tu anapotaja shati jekundu imeshamwambia kwamba jekundu ndilo ulilolitaka. Angalia na mwili wako: askari wengi huitikia kwa kichwa na kuandika kwa kasi jambo linapolingana na dhana yao, kisha kalamu inalala lisipolingana. Shahidi anayaona yote hayo. Itikia kwa mwendo uleule kwa kila jambo, na umjibu hivi: "Mimi sijui, sikuwepo. Wewe unakumbukaje?"

Madhara yake hayaishii kwenye shati. Gary Wells na Amy Bradfield, mwaka 1998, waliwaomba watu wamtambue mhalifu katika seti ya picha ambamo hakuwamo, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Waliofahamishwa kuwa wamemtambua mtuhumiwa walisema baadaye kwamba walikuwa na uhakika tangu mwanzo, na hata kwamba walimwona vizuri zaidi tukio lilipotokea. Neno moja la kirafiki baada ya gwaride la utambulisho linatosha kumpeleka mahakamani shahidi mwenye uhakika ambao hakuwa nao.

Maneno ya swali nayo yanapenya hivyo hivyo. Katika jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974, walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walisema wiki moja baadaye kuwa waliona vioo vilivyovunjika, asilimia 32 kati yao. Walioulizwa kasi "yalipogongana" walikuwa asilimia 14. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Hili lisikufanye uwe jiwe. Utafiti wa Jonathan Vallano na Nadja Schreiber Compo wa mwaka 2011 ulikuta ukaribu ukiwasaidia mashahidi wasibebe taarifa za uongo walizolishwa baada ya tukio. Ukarimu wako uwe kwa mtu, na jibu lake ulipokee bila kulisifu wala kulikataa.

Mashahidi huniuliza kwanza, "Jina langu litajulikana?" Nikisema ukweli wanaondoka. Nifanye nini?

Sema ukweli. Shahidi akiahidiwa siri, kisha akayakuta maelezo yake mikononi mwa wakili wa utetezi, hatamwamini askari mwingine, na jirani zake pia watasikia. Kabla ya kukaa naye, pata kwa mwendesha mashtaka jibu la hatua gani jina hufunguliwa na ulinzi gani unapatikana kisheria mahali penu. Kisha tenganisha mambo matatu: unachokijua, usichokijua, na kisicho juu yako kuamua. Muulize anamwogopa nani hasa na kwa nini. Mara nyingi hofu ina sura maalumu, kwa mfano gari la polisi kuegeshwa mbele ya nyumba yake, na hiyo unaweza kuiondoa leo kwa kukutana naye kwingine ukiwa na nguo za kiraia.

Akilia, nisimamishe mahojiano?

Usikimbilie kusimamisha. Mpe muda, sogeza maji karibu, sema "Hatuna haraka", kisha muulize yeye: tuendelee, tupumzike, au tukutane siku nyingine? Epuka "Najua unavyojisikia", kwa sababu hujui. Usimguse. Na usirukie swali jepesi la tarehe au anwani ili kuokoa hali. Ataelewa kuwa machozi yake yamekukera.

Kwa mtoto wa miaka sita, hatua ni hizi hizi?

Mpangilio unafanana, lakini zoezi la kusimulia ndilo linalobeba uzito, na mwongozo wa kuwahoji watoto wa NICHD (taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya ya watoto) ulioandaliwa na Michael Lamb na wenzake umelipa nafasi yake kamili. Mpe mtoto mifano badala ya maelezo ya jumla. Muulize, "Mbwa wangu anaitwaje?" Akisema hajui, mwambie hilo ndilo jibu sahihi, kwa sababu hamjui mbwa wako. Kisha sema jambo la uongo dhahiri, kwamba ana miaka ishirini, akusahihishe. Usimpe pipi wala zawadi kabla au katikati, na usimrudie kwa swali lile lile. Mtoto akiulizwa mara ya pili hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, akalibadilisha.

Shahidi amenipigia siku tatu baada ya kuandika maelezo, amekumbuka kulikuwa na pikipiki. Nilimuuliza, "Mbona hukusema?" akakata simu. Je, nimtilie shaka?

Kukumbuka jambo jipya baadaye ni kawaida ya kumbukumbu, na peke yake si dalili ya uongo. Swali la "mbona" limesikika kama tuhuma. Mpigie, mshukuru kwa kupiga, mwombe aeleze upya kuhusu pikipiki bila wewe kuongeza neno. Halafu muulize ilimjiaje: ilikuja yenyewe, aliongea na mtu, au aliona picha mtandaoni? Andika majibu yote mawili katika maelezo ya nyongeza yenye tarehe na saa yake, na maelezo ya kwanza usiyaguse. Siku nyingine usimalize mahojiano bila kumwambia kwamba mengine yanaweza kumrudia, na umwachie namba ambayo wewe mwenyewe unaipokea.