FDC si ya waliofeli tu

Dadangu wala usiwasikilize hao wanaosema FDC ni ya waliofeli fomu foo, hivi vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo tangu 1975, wazo lenyewe tulilitoa Sweden, na saivi viko 54 Tanzania Bara nzima. Ushonaji, umeme wa majumbani, useremala, ufundi magari, kilimo na mifugo, hata wa darasa la saba anapokelewa, na kozi fupi zipo mpaka wamama wa mtaani wanaingia. Ila kwa huyo mdogo wako aliyeacha shule kwa ajili ya mimba ulizia mpango wa Elimu Haina Mwisho hukohuko FDC, anasoma sekondari pamoja na fani na mtoto analelewa palepale chuoni, hiyo ndo imenikosha kuliko zote aisee. Bweni uliza mapema.