Wadogo zangu wa maktaba ya afya, kusachi (kutafuta) makala za dawa hakuishi dakika tano

Wiki hii hapa Tanga nimeona tena kilekile. Mdogo wetu wa fildi (mafunzo kwa vitendo) kaletewa swali na mfamasia kuhusu madhara ya salbutamol, dawa inayojulikana zaidi kwa pumu, kaingia PubMed, database ya makala za tiba, kaandika salbutamol[tiab], yaani litafutwe neno hilo kwenye kichwa na abstrakti (muhtasari) wa makala, kafilta miaka 10 ya karibuni, kaprinti, kapeleka. Jamani! Nawapenda ila mnanichosha, haya someni.

1. Dawa ina majina. Kwenye MeSH, orodha rasmi ya istilahi ambazo makala za PubMed hupewa, salbutamol iko chini ya Albuterol, rifampicin ni Rifampin, paracetamol ni Acetaminophen. Ukiandika jina tupu PubMed inaliunganisha na MeSH yenyewe, ukishabandika [tiab] umeifunga mikono. Weka MeSH, weka na majina yote kwa OR, maana makala mpya kabisa zinakuwa hazijapewa MeSH bado.

2. Rudi nyuma. Hapa nakaa kidogo kwa sababu hii inaniuma. Mwaka 2001, Johns Hopkins kule Marekani, walikuwa na utafiti wa pumu, watu wenye afya zao wanavutishwa hexamethonium, dawa ya zamani ya presha. Binti wa miaka 24, mfanyakazi wa maabara hukohuko, mzima kabisa, akajitolea, akaanza kukohoa, mapafu yakaharibika, tarehe 2 Juni akafariki. Na daktari wa utafiti huo alikuwa amesachi! Ila PubMed ya wakati ule ilikuwa inaanzia 1966, na ripoti za hiyo dawa kuumiza mapafu ni za miaka ya 1950. Zilikuwepo, zimechapishwa, zimekaa kwenye majarida, hakuna aliyezifikia. Leo PubMed inarudi angalau mpaka miaka ya 40 lakini makala nyingi za zamani hazina abstrakti, kwa hiyo ukitiki kile kifilta cha abstrakti au cha miaka 10 umezitupa kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye madhara ya dawa usifilte mwaka, nakuomba.

3. Fomu za njano za kuripoti madhara ya dawa zinaenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, baadae VigiBase, database ya dunia ya ripoti hizo kule Uppsala, Sweden. Msizigeuze asilimia, ripoti haikwambii wangapi wametumia dawa wakabaki salama, wala haithibitishi kwamba dawa ndo iliyosababisha.

4. Muulize mwenye swali kabla hujagusa kibodi. Yule mfamasia tulipompigia, kumbe habari yake siyo pumu kabisa, ni mama mjamzito aliyepewa salbutamol kuzuia uchungu wa mapema, mapigo ya moyo yakaanza kwenda mbio. Zile karatasi alizopelekewa karibu zote ni za pampu za pumu. Tukaanza upya, tukaongeza ujauzito na uchungu wa mapema, tukatoa filta, na makala alizokuwa anazihitaji nyingi zikawa za miaka ya 70 na 80.

5. Hifadhi strateji (maneno na filta ulizosachia), tarehe na database uliyotumia, Excel inatosha. Wiki ijayo atakuja mwingine na swali hilohilo.