Msilipe! Zipimeni kwanza hizo tarumbeta

Yakhe, ngoja. Usitume pesa. Hata hiyo ya "kushikilia mzigo" usitume.

Nimesoma ulivyoandika: nyinyi vijana wa Wete mnataka beni la kujitolea, mtindo wa gwaride la jeshi, mpige harusini na kwenye sherehe za skuli. Na kuna mtu Unguja kawapatia fungu la tarumbeta, korneti (tarumbeta fupi) na tuba (lile dude la sauti nzito) kutoka Uingereza, "za zamani lakini imara", bei ya kutupa. Umeuliza habari ya sare, usajili, mwalimu na kugawana malipo. Vyote vingoje. Kilichonikosesha usingizi ni hilo neno "za zamani".

Sisi huku Ng'ambo, mjini Unguja, tulinunua fungu kama hilo. Maneno yale yale, na picha zimepigwa juu ya jamvi kama zako, hata nikadhani ni mzigo wetu umerudi sokoni. Tulikuwa na tarumbeta chache za Kihindi, zile zinazotengenezwa Meerut, nyepesi ukizishika lakini zinalia vizuri tu. Tukaona tuchanganye na za Kizungu tuwe beni la watu wazima. Tukachanga, waliokuwa hawana wakakopa. Mzigo ukafika, tukazing'arisha mpaka unajiona sura, kila mtu akapuliza yake akasema mashaallah.

Moja moja, mashaallah kweli. Balaa lilianza zilipokutana.

Sikiliza, maana hili hatukuambiwa na mtu. Zamani bendi za Uingereza zilipiga kwa kiwango cha sauti cha juu kuliko cha leo. Noti ya A, ambayo leo kwa kawaida inahesabiwa mitetemo 440 kwa sekunde, kwao ilikuwa 452 na ushei. Mkutano wa London wa mwaka 1939 ulipendekeza 440, lakini bendi za kiraia za tarumbeta kule ziliendelea kung'ang'ania kile cha juu mpaka miaka ya 1960. Walipohama, vyombo vyao vya zamani havikuyeyushwa vyote. Vingi vikawekwa stoo, na cha stoo unajua mwisho wake kinakuja wapi.

Tofauti ya 440 na 452 kwenye karatasi ni ndogo. Kwenye sikio ni karibu nusu ya nusutoni, yaani sauti inaangukia kwenye ufa kati ya vitufe viwili vya kinanda. Haiko huku wala kule. Ingekuwa mbali zaidi mngejua mmekosea noti, mkarekebisha. Hii inakaa pale pale pa kukera, kama jino linalouma ukiwa safarini.

Tukamwita mtu aliyejiita fundi, ambaye ndiye aliyekuwa dalali wa mzigo (hapo akili zetu zilikuwa wapi, usiniulize). Akatwambia kwa utulivu kabisa: "Zikipata moto zitakubaliana." Wallahi mpaka leo nikikumbuka natafuta kitu cha kurusha. Shaba ikipata moto sauti inapanda, haishuki! Na zinapanda zote, kwa hiyo ugomvi uko pale pale, ila sasa una jasho. Eti dawa ya tarumbeta iliyo juu ni joto, na yuko Zanzibar anasema hivyo.

Tulipombana akaja na la pili: "Vuteni bomba la mbele." Tukavuta. Ili sauti ishuke, kwa korneti lazima uongeze kama sentimita nne za njia ya hewa, yaani bomba litoke sentimita mbili, maana limepindwa kama U na linaongeza pande zote mbili. Pengine linatoka. Lakini usipobonyeza kitu noti inakaa sawa, ukibonyeza inapotea, kwa sababu vibomba vidogo vya kila kibonyezo navyo vimekatwa kwa kipimo cha zamani. Kwa tuba ndiyo usiseme, njia yake ya hewa ni ndefu, linataka kuongezewa sentimita kumi na tano hivi. Aliyepona ni wa tromboni peke yake, kwa kuwa mkono wake unateleza anaufikisha anakotaka. Akawa anatucheka.

Harusi ya kwanza tuliipiga hivyo hivyo, tarehe ilishakubaliwa. Waitikiaji wetu, kina mama wenye sauti za kupasua mawingu, wakakosa pa kushika: nusu wakafuata za Meerut, nusu wakafuata za Kizungu. Bibi mmoja barazani akauliza hao punda wanafungwa saa ngapi. Aliyenyanyuka kututunza alikuwa mmoja, na alitutunza ili tunyamaze. Tulizichukua, hela ni hela. Dalali simu yake haipatikani mpaka kesho.

Kuna atakayekuja hapa chini kuniambia: kama zote ni za kiwango kimoja, tatizo liko wapi? Kweli, beni tupu, shaba na ngoma na waimbaji, lingekwenda. Mpaka siku mtakapoalikwa na kundi la taarabu lenye kinanda, au rafiki wa bendi ya Polisi aje na klarineti yake. Klarineti huivuti sentimita mbili ukaishusha au kuipandisha hivyo, tundu zake zimeshatobolewa. Mtabaki kisiwa peke yenu, na visiwa tunavyo vya kutosha.

Kwa hiyo: hapulizi, halipwi. Mwambie muuzaji ashike kila tarumbeta na kila korneti, asibonyeze kitu, bomba la mbele litoke kidogo tu kama kawaida, apulize noti moja ndefu mbele ya simu yenye programu ya kupimia sauti. Simu isome B flati. Mshale ukining'inia katikati ya B flati na B, rudi nyumbani. Ukiona herufi HP ("high pitch", yaani kile kiwango cha juu) zimechongwa karibu na vibonyezo, usisubiri hata mshale. Usipoziona, usijipe moyo, nyingi hazikuchongwa kitu.

Sare: msivae kombati. Najua mtasema beni tangu linaanza pwani hii mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa linaiga majeshi, na vyeo na nishani za kujipachika. Wao walikuwa wao. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha sare zao na nguo zinazofanana nazo. Suruali nyeupe, shati la rangi, kofia, basi. Ukanda ung'are.

Mwalimu tafuteni mstaafu wa bendi ya Polisi au ya vikosi, lakini aje na chombo chake mwenyewe, apige pamoja na hizo zenu kabla hamjalipa. Nimeshasema kabla hamjalipa?

La usajili na la malipo watakujibu wengine, mimi sina hamu nayo usiku huu. Nirekodie tuba hilo kwanza, noti moja tu, ulitume hapa. Niko macho.