Tambi na sukari ya damu
Je, spageti hupandisha sukari ya damu haraka kama mkate mweupe? Hapana, hazipandishi kwa kasi hiyo, ingawa zote ni ngano. Kwenye tambi wanga umeshikwa ndani ya protini ya ngano, kwa hiyo tumboni unavunjika polepole. Kwenye majedwali ya fahirisi ya glaisemia, yaani kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, spageti ziko karibu 50, mkate mweupe karibu 75. Ziepue zikiwa bado na ugumu kidogo ukizitafuna. Zikirojeka, faida hiyo inapungua. Ila tambi za sukari za futari, zile za kukaangwa kwa mafuta kisha tui na sukari juu, hizo ni habari nyingine kabisa. Na mwenye kisukari bado apime sahani: robo tambi, nusu mboga, pembeni maharage au samaki.