Hatia na faini zinatafuta nini kwenye shauri la madai?

Swali: Gazeti moja liliandika, "Mahakama Kuu yampata mhariri na hatia ya kashifa, yamtoza faini ya milioni 50." Je, sahihi ni kashfa au kashifa? Na tuseme umma una haki ya kupata taarifa za serikali, au raia? (Msomaji, Morogoro)

Kashfa na kashifa zote zinatumika. Mimi naandika kashfa, na kitenzi ni kashifu. Asili ni Kiarabu, kashf, kufunua. Ndiyo maana sakata la Escrow, lile la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow nchini Tanzania, liliitwa kashfa ingawa halikuwa uzushi, na mtu aliyezuliwa uongo gazetini naye anadai amefanyiwa kashfa. Ukiogopa utata, andika "shauri la kukashifiwa."

Hilo limekwisha. Ila wewe ndugu yangu umeruka maiti sebuleni ukaenda kuuliza bei ya mkeka. Kashifa ndiyo iliyokukera? Hatia na faini umezipitaje?

Hatia ni neno la jinai, na faini vilevile. Mtu akikashifiwa, akafungua shauri, akashinda, hakuna aliyetiwa hatiani. Kuna mdai aliyethibitisha dai lake na mdaiwa aliyeamriwa kulipa fidia. Fuata pesa zinakokwenda: faini huingia serikalini, fidia humwendea aliyechafuliwa jina. Ukishindwa kulipa faini, hukumu yenyewe huwa imeshakutajia kifungo. Ukikaidi fidia, mdai anarudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, na siku moja dalali wa mahakama anasimama mlangoni akiorodhesha kompyuta za chumba cha habari. Msomaji aliyeambiwa "faini" hataelewa dalali katokea wapi.

Na huko kwenye jinai kwenyewe mlango umefungwa. Kenya, tarehe 6 Februari 2017, Mahakama Kuu katika shauri la Jacqueline Okuta ilitamka kuwa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Tanzania, marekebisho ya 2023 yaliitoa kashfa kwenye jinai ndani ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Halafu anakuja mwandishi wetu, kwa kalamu moja, anairudisha.

Kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba kumwandika mtu kuwa ana hatia wakati hana ni kashfa mpya. Sheria ya Kashfa ya Kenya, kifungu cha 16A, inaweka hata kima cha chini: ukimzulia mtu gazetini kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 3, fidia haishuki chini ya shilingi 400,000, likiwa kosa la kunyongwa, milioni 1.

Dawa yake haichukui dakika tano. Hukumu nyingi zimewekwa bure mtandaoni na TanzLII na Kenya Law. Tazama kichwa chake. Ikiwa ni kesi ya jinai, na upande mmoja ni Jamhuri, basi hatia yako iweke ukisha kuona mshitakiwa katiwa hatiani kweli. Ikiwa ni shauri la madai, ruka hadi kurasa za mwisho, kwenye amri. Hapo utakuta fidia maalumu, ambayo mdai huithibitisha kwa risiti na hesabu. Fidia ya jumla, ambayo jaji huikadiria. Pengine fidia ya adhabu. Kisha riba na gharama. Usizijumlishe ukaziita faini. Hiyo "fidia ya adhabu" nakiri inapotosha, lakini nayo inakwenda mfukoni mwa mdai.

Kichwa cha habari kingesomeka: "Mhariri aamriwa kulipa fidia ya milioni 50 kwa kashfa." Tena ni kifupi kuliko kile cha gazeti.

"Mshitakiwa" kwenye madai nimechoka kumpinga. Mtaani kila anayepelekwa mahakamani kashitakiwa, hata kwa deni la kodi ya chumba. Waacheni wa mtaani. Mhariri aandike mdaiwa.

Sasa swali lako la pili. Raia. Umma ni neno la hotuba; sheria inahesabu vichwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya 2016 inampa haki hiyo raia, na Katiba ya Kenya, ibara ya 35, inasema hivyo hivyo. Mwaka 2013 kampuni ya jarida la Nairobi Law Monthly ilidai taarifa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ikagonga mwamba kwa neno hilo: kampuni si raia. Sheria ya Kenya ya 2016 ndiyo iliyokuja kuzihesabu kampuni zinazodhibitiwa na Wakenya. Kwa hiyo ukiandika barua ya maombi, anza na "Mimi, raia wa", taja waraka unaoutaka na tarehe yake, kisha hesabu siku: 30 Tanzania, 21 Kenya, au saa 48 huko Kenya ikiwa taarifa inagusa uhai au uhuru wa mtu.