Barua kwa mwanangu: kwa nini nilisimama pale Tatton

Njoro, Jumapili jioni

Mwanangu Wangari,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, goti limepunguza maumivu. Mvua ya juzi imelaza mahindi ya jirani, ila yetu yamesimama.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Unauliza: "Baba, siku ile Tatton, kwenye lile jumba la mabwana wa zamani huku Uingereza, mbona ulisimama zaidi ya saa moja mbele ya bustani ya Kijapani, na kwenye ukumbi wa vichwa vya wanyama ukapita kama mtu anayewahi matatu? Ulikuwa na hasira? Niwapeleke watoto tena, au ile nyumba si mahali petu?" Kumbe swali hilo ulilibeba tangu mwezi wa kumi. Nakumbuka tulivyonyamaza kwenye treni kutoka Knutsford mpaka Manchester, wewe ukitazama dirishani nami nikijifanya nasinzia. Kwenye simu nisingelimaliza, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Lile jina lililokushtua mle ndani, mimi nimeishi nalo tangu ujana. Cheti changu cha diploma kilichoning'inia sebuleni kimeandikwa Egerton, na wewe ulikikuta pale ukiwa mtoto wa kutambaa. Maurice Egerton, Lodi wa nne na wa mwisho wa Tatton, ndiye aliyeanzisha shule ya ukulima hapa Njoro mwaka 1939, kwenye ekari 740. Ilikuwa ya kuwafundisha vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 ikawa chuo cha kilimo. Mwaka 1958, mwaka aliofariki, chuo kilipata kutoka kwake ekari nyingine 1,100, na haikuchukua muda milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mimi niliingia kwa mlango huo. Nilisomea udongo na mifugo, nikawa bwana shamba, na mshahara wa bwana shamba ndio uliokusomesha wewe. Siwezi kulitamka jina hilo kana kwamba halinihusu.

Lakini ekari zile zilikuwa na wenyewe kabla yake. Nchi hii ya bonde Wamaasai waliondolewa kwa mkataba wa 1904, wakasukumwa Laikipia, na mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Ukija kwetu sisi Wakikuyu, tulikuja huku kama maskwota: unalima kipande chako, unachunga mbuzi wako, na kwa ruhusa hiyo unamfanyia mzungu kazi siku alizotaka. Babu yako alivaa shingoni kipande, kile kitambulisho cha kazi cha wakoloni. Bibi yako, huyo unayebeba jina lake, alichuma pareto asubuhi na baridi ya Mau, mikono ikawa ya njano mpaka anakufa. Haya yote mawili, shamba lililochukuliwa na shule iliyonifungulia mlango, nimeyabeba pamoja miaka yote hii, na sijaona njia ya kulitua moja nikabaki na jingine.

Sasa ule ukumbi. Maurice aliujenga katika miaka ya 1930 ili aweke nyara zake za uwindaji na vitu alivyokusanya akizunguka dunia. Sikuwa na hasira, mama. Nilipoingia na kuona ukuta mzima wa pembe, nilimkumbuka baba akinihadithia jinsi alivyotega swala mmoja kwa kamba, njaa ikiwa nyumbani, akaizika ngozi usiku ili askari asiione. Mzungu aliyelipia leseni aliitwa mwindaji, na baba kwa swala yule mmoja angeitwa jangili na kufungwa. Nikawa natafuta pale ukutani mtu mmoja tu: yule aliyefuata nyayo, aliyebeba bunduki, aliyechuna, aliyebeba kile kichwa kutoka porini. Vichwa vile havikutembea vyenyewe mpaka Uingereza. Sikumwona, nikatoka.

Ndipo tukaenda bustanini.

Nilijua kidogo tu kabla ya kufika. Aliyeianzisha ni Alan de Tatton Egerton, baba yake Maurice. Mwaka 1910 kulikuwa na maonyesho makubwa ya Japani na Uingereza pale White City, London. Alikwenda, akapendezwa, akataka bustani kama hizo nyumbani kwake. Waliletwa mafundi kutoka Japani wakaijenga. Hekalu dogo la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, lile ulilonionyesha kati ya miti, nalo lilitoka Japani. Mwaka huohuo wa 1910 mwanawe Maurice alipata cheti cha kurusha ndege, namba 11 katika Uingereza nzima. Baba anapangiwa mawe, mwana yuko angani, na huku kwetu Wamaasai wamebakiza mwaka mmoja Laikipia. Nilipokuwa nimesimama pale miaka hiyo ilinijia yote kwa pamoja.

Halafu nikayaona mawe, nikasahau miaka.

Wangari, mimi nimefundisha watu kilimo kwa miaka zaidi ya thelathini, nimeona bustani za hoteli, za mabalozi, za makanisa. Karibu zote zinakuambia: tazama nilivyo na pesa. Maua yamepangwa mistari kama askari wa gwaride. Hii haikunipigia kelele. Kuna kijito, daraja, kisiwa chenye nyumba ya chai, taa za mawe, na kile kilima cha udongo kilichorundikwa kiwe mfano wa Mlima Fuji, kikawekewa mawe meupe kileleni yawe theluji. Miti ya mepo, yaani maple, ilikuwa imeanza kugeuka rangi, majani yake kama viganja vya mtoto vilivyochovywa kwenye rangi ya damu ya mzee. Na chini, badala ya nyasi, lile zulia la kijani linaloota kwenye mawe yenye unyevu. Unalijua. Ndilo linalovaa magogo ya msitu wa Mau, yale tuliyokuwa tukikalia tukienda kukata mianzi.

Zulia lile ndilo lililonishika. Halina mizizi ya kwenda chini kutafuta maji, linakunywa kwa mwili wake wote, mvua na umande. Ukilikanyaga mara kwa mara udongo unashikamana, linapasuka, nyasi zinaingia, na basi. Kwa hiyo ukikuta zulia la namna hiyo limetandaa bila tundu, ujue kuna mtu anapiga magoti hapo kila wiki, anang'oa magugu kwa vidole, moja moja, anaokota majani yaliyoanguka kabla hayajalifunika. Hakuna mashine ya kazi hiyo. Ndiyo maana tulizuiwa kuingia siku ile, tukatazama kutoka njia ya pembeni. Ulinung'unika kwamba tumelipa kiingilio. Mimi niliona sawa kabisa, na kama ningekuwa msimamizi ningefanya hivyohivyo.

Halafu miti. Mti wa bustani ya Kijapani unakatwa kila mwaka ili uonekane haujawahi kukatwa. Nilisimama nikitafuta jeraha la msumeno nisilione mpaka nilipoinama. Fundi anaondoa tawi hapa ili upepo upite, anaacha lile lililopinda kwa sababu linaegemea maji. Nilikuwa nikiwafundisha wakulima wa Molo kupogoa miti ya matunda, na nilichokuwa nawaambia ni mavuno tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza kupogoa kwa ajili ya kivuli kitakavyoanguka juu ya jiwe.

Bustani ile ni ya namna wanayoiita bustani ya chai, na hapo nikacheka kidogo peke yangu, maana sisi ukisema bustani ya chai tunaona Kericho, vilima vya kijani na wachumaji wenye vikapu mgongoni. Kwa Wajapani ni njia ya kwenda kunywa chai. Mgeni hapelekwi moja kwa moja. Anapitishwa kwenye mawe ya kukanyagia yaliyotengana, na mawe hayo yanamlazimu aangalie anapoweka mguu, kwa hiyo anapunguza mwendo na mambo ya sokoni yanamtoka kichwani. Panapowekwa jiwe kubwa zaidi, hapo ndipo fundi alipotaka usimame uinue macho. Kuna birika la jiwe la kunawa mikono, na liko chini ili uiname. Katika desturi yao hata mlango wa kibanda cha chai huwa mdogo, mtu anaingia kwa kujikunja, na zamani mpiganaji aliacha upanga wake nje. Bwana mkubwa na mkulima wanaingia kwa mgongo uleule uliopinda. Nilijiuliza kama Lodi Alan alipojengewa alielezwa hayo.

Ukaniuliza kwa nini saa moja. Nilikuwa namtazama baba yangu.

Babu yako, kwa yule mzungu wake, hakuchuma pareto. Alikuwa mtu wa mawe. Alijenga kuta za zizi bila saruji, jiwe juu ya jiwe, na bado ziko, nilikupeleka ukiwa darasa la tatu ukaona. Alikuwa akilishika jiwe, analigeuza, analiweka chini, anazunguka, anarudi kulitazama, ndipo anasema, "Hili linataka kulala hivi." Mama alikuwa akimkaripia kwamba anazungumza na mawe. Nilipoona yale ya Tatton, yaliyozikwa theluthi ili yaonekane yameota pale, yakiegemeana bila kusukumana, nikajua kuna mtu aliyezunguka, akarudi, akatazama. Alikuwa mbali na kwao kuliko alivyowahi kuwa babu yako, kwenye baridi ya watu, anajenga mlima wa nyumbani kwake kwa udongo wa ugenini. Nilitafuta majina ya mafundi wale kwenye maelezo tuliyopewa, sikuyakuta. Lakini kule ukumbini waliobeba wamepotea kabisa, hata kazi yao huwezi kuiona. Huku mafundi nimewaona. Kila jiwe linasema alivyofikiri mtu aliyeliweka. Hiyo ndiyo tofauti ya saa moja na dakika mbili.

Na aliyepiga magoti wiki ile kung'oa magugu naye nimemwona. Bustani ilikarabatiwa, kazi ikakamilika mwaka 2001, na tangu hapo kuna anayeamka kuitunza. Lodi alikufa bila mtoto, nyumba ikaenda kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, na sasa inaendeshwa na halmashauri. Wewe unalipa kodi Uingereza, Wangari, na unalipa kiingilio. Usiniulize kama ni mahali pako.

Kwa hiyo wapeleke. Waanze na bustani wakiwa hawajachoka, jumba baadaye. Waache waone wale paa wa Ulaya wenye pembe za matawi kwenye uwanja, maana hao ni wazima na wanatembea. Mle ndani waonyeshe maktaba, ni chumba kizuri kweli na sitakuficha hilo. Ukifika ukumbi wa nyara usikimbie kama nilivyofanya mimi. Mimi ni mzee, nina haki ya kupita haraka. Wao wasimame, uwaeleze habari ya swala wa babu yao mkuu, kwa sauti ya kawaida, hata kama kuna watu karibu. Mkija Desemba tutakwenda kwenye kasri lake la Ngata, hapo karibu na Nakuru, ambalo sasa ni la chuo kikuu. Mwongozaji atawasimulia kisa cha mwanamke aliyemkataa Lodi, maana kila mtu Nakuru anakisimulia na kila mmoja na wake. Nitakachotaka waangalie ni kuta. Mawe yale yamechongwa hapahapa Kenya, kwa mikono.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya wiki ijayo. Unajua kutoka mlango wa jikoni mpaka boma la ng'ombe pakinyesha panakuwa tope tupu, na hapo ndipo mama yako alipoteleza akaumia goti. Watu wananiambia nimwage saruji. Nimekusanya mawe bapa kumi na saba kutoka mtoni, na kijana wa jirani atanisaidia kuyabeba. Kinachonishinda ni nafasi kati ya jiwe na jiwe. Nikiyaweka kwa hatua yangu, mama yako atakuwa anaruka. Uliza siku wanapopeleka watu ndani ya bustani na mtu wa kuwaongoza, uingie nao. Nipigie picha ya mawe ya kukanyagia kutoka juu, mguu wako ukiwa kando ili nipate kipimo. Kama kuna moja kubwa kuliko mengine, nipigie na kile unachokiona ukisimama juu yake ukainua macho.

Baba yako